Ahadi ya Bwana Michael

Leo tusome habari ya mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Marekani, uitwao The Office.

Michael Scott ni meneja wa tawi la kampuni ya karatasi mjini Scranton. Aliwaahidi watoto wa darasa la tatu kwamba wakimaliza shule atawalipia karo ya chuo. Miaka kumi ikapita. Katika sehemu iliyoonyeshwa tarehe 3 Desemba 2009, vijana wale wanamwimbia na kumchezea kwa shukrani. Kumbe hela hana! Akawapa betri za kompyuta. Betri tu, jamani, kompyuta zenyewe hakuna.

Watazamaji wengine walicheka. Wengine walishindwa kutazama hadi mwisho. Waliona aibu kana kwamba wao ndio walioahidi. Mpaka leo wapo wanaoiruka sehemu hii.

Karani wake, Erin, alimfariji: vijana 90 katika kila 100 wa darasa lile wanaelekea kumaliza shule, kuliko wenzao. Basi wako wanaosema ahadi ilisaidia. Mimi nasema bidii ni ya vijana, na karo bado ni deni.

Zungumzeni darasani: nani kati yenu aliwahi kungoja ahadi kama hii? Alifanyaje?