Je, Kizuri Chajiuza? Hesabu ya Programu Inayoenea kwa Kutumiwa

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Kauli hiyo huwapendeza sana vijana wetu wanaoanzisha kampuni za programu za kompyuta, kwa kuwa aghalabu hawana fedha za matangazo wala za kuwalipa wauzaji wa kuzunguka mji kwa mji. Tangu mwaka 2016 njia hii imepewa huko Marekani jina tunaloweza kulitafsiri kuwa ukuaji unaoongozwa na bidhaa: mtu huanza kuitumia programu bila malipo, huiona faida yake, kisha matumizi yake yenyewe humvuta mtu mwingine. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba ukuaji wa namna hiyo ni hesabu, nayo yaweza kupigwa hata katika mji mdogo kama Runzewe.

Tuseme watumiaji 10 wa kwanza huwaleta wengine 6, na kila kundi jipya huleta wapya kwa kiwango hicho hicho. Wale 6 wataleta 4 hivi, hao 4 wataleta 2, na kadhalika. Jumla yao haitazidi 25 hata tukingoja miaka mingi. Lakini kama kila watu 10 wakileta 12, basi katika mzunguko wa 13 kundi jipya peke yake litakuwa na watu zaidi ya 100, na litazidi kukua. Mpaka kati ya kufifia na kuenea ni pale mtumiaji mmoja anapoleta mwenzake mmoja. Msomaji aliyepata kusoma habari za magonjwa ya kuambukiza ataitambua hesabu hii mara moja, maana ndiyo inayoeleza jinsi surua inavyoenea.

Mfano ulio karibu nasi ni M-Pesa. Majaribio yake yalianza Nairobi na Thika mwezi Oktoba 2005, na shabaha ilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Wakopaji hao walikitumia chombo kwa mambo ambayo hayakukusudiwa, hasa kupelekeana fedha wao kwa wao. Wahandisi waliliona jambo hilo, wakaacha mengi waliyoyapanga, na Machi 2007 Safaricom ikaitangaza huduma kwa kazi moja: kutuma fedha nyumbani. Aliyejiandikisha aliweza kumtumia hata asiyejiandikisha, ila kwa ada kubwa zaidi, na ada hiyo aliilipa mtumaji. Kwa hiyo kijana wa Nairobi, kwa faida yake mwenyewe, alimsihi mama yake kule Kisumu au Kakamega ajiandikishe. Hapo ndipo mwaliko ulipojengwa ndani ya bidhaa.

Huduma hiyo hiyo ililetwa Tanzania na Vodacom mwaka 2008. Miezi 14 baada ya kuanzishwa, Kenya ilikuwa na watumiaji milioni 2.7 na mawakala karibu 3,000. Tanzania, katika muda ulio sawa, ilikuwa na watumiaji 280,000 na mawakala 930. Ukigawa, utaona kuwa wakala wa Kenya alikuwa na watu 900 na wa kwetu 300. Jina lilikuwa moja na kazi moja, lakini nchi yetu ni pana zaidi, watu wake wametawanyika, na Vodacom haikuwa na sehemu kubwa ya soko kama ilivyokuwa Safaricom kule Kenya. Mama asiye na wakala karibu hana mahali pa kuzitolea fedha, basi mwaliko wa mwanawe haumfai kitu. Kwa maoni yangu, wanaoisifu M-Pesa kana kwamba ilijieneza yenyewe huwasahau mno mawakala.

Sasa twende Runzewe, wilayani Bukombe, njia panda ya magari yaendayo Kahama, Geita na Biharamulo. Wenye maduka huko huwakopesha wachimbaji wadogo unga, mafuta na dengu hadi mawe ya duara yatakapogawanywa na kusagwa kwenye karasha. Vijana wawili niliopata kuwafundisha walitengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za duka. Mimi niliwashauri waanze na mafunzo ya siku mbili, na kwamba mwenye duka aandike kwanza bidhaa zake zote na bei zake. Ushauri huo ulikuwa mbaya. Wiki ya pili wengi walikwisharudi kwenye madaftari, na mama mmoja akaniambia: “Mwalimu, daftari langu hulipokea deni moja tu. Simu yenu inataka duka zima.”

Maneno yake yalitufunza kuliko vitabu nilivyorudi navyo kutoka ng'ambo. Vijana wakaipindua kazi: programu ikaanza na deni moja, jina na kiasi, basi. Mdaiwa naye akapata ujumbe wa simu wenye kiasi alichokopa na salio, na chini yake mstari mmoja ulioeleza jinsi ya kufungua daftari lake mwenyewe. Mwenye karasha aliyedaiwa na duka alikuwa na wadeni wake pia. Akajiunga, na wadeni wake nao wakapata ujumbe.

Programu ilienea. Hata hivyo, kambini simu moja huweza kutumiwa na watu wanne, na deni la mtu likasomwa na wenzake. Mchimbaji mmoja alikuja dukani kwa hasira, na haki ilikuwa yake: hakuna aliyemwuliza kama anataka jina lake liingizwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imeweka masharti juu ya jambo hilo. Vijana walibishana usiku kucha, kwa sababu mstari ule ndio uliokuwa ukiwaletea watu bila gharama. Mwishowe waliamua kuwa ujumbe uende kwa aliyekubali tu, akiwa amesimama pale dukani.

Tangu hapo kila mtumiaji huleta pungufu ya mtu mmoja. Upungufu huo vijana wanaufidia kwa miguu, wakiwatafuta wenye maduka wa Ushirombo na Masumbwe na kuwaonyesha, mmoja mmoja, jinsi ya kuandika deni la kwanza.