Dawa Iliyobabua Ngozi Isirudiwe

Kila tunapompokea mgonjwa tunamwuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Wengi hujibu, "Ipo, sista, ni vidonge vyeupe." Nasi nusu ya kabati letu ni vidonge vyeupe!

Hatusemi juu ya mwasho mdogo. Siku chache hadi wiki kadhaa baada ya kuanza dawa, mtu hushikwa na homa, macho huwa mekundu, mdomo na sehemu za siri hutoka vidonda, kisha ngozi huota malengelenge na kubabuka kama ya aliyeungua moto. Wengine hufa. Nyumbani husemwa karogwa, au ni mkanda wa jeshi, huku kidonge kinaendelea kumezwa. Msimpe kingine, mleteni hospitali siku hiyo hiyo pamoja na paketi.

Aliyepona ndiye tunayemwogopea zaidi. Akiimeza tena dawa ile, hata kidonge kimoja, ugonjwa waweza kurudi upesi na kwa ukali zaidi. Nayo dawa hubadili majina. Septrin na Bactrim ni dawa moja, kotrimoksazoli, yenye salfa. SP ya malaria, ambayo wazee wanaijua kama Fansidar, nayo ina salfa. Basi mama mjamzito aliyewahi kubabuka kwa salfa aseme kliniki kabla hajapewa SP ya kinga. Dawa za kifafa pia zina undugu: aliyebabuliwa na kabamazepini asipewe fenitoini wala fenobabitoni kabla daktari hajaelezwa habari hiyo. Hatuwatishi, wengi hutumia dawa hizi bila shida, na zimeokoa maisha mengi.

Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, mwombeni daktari aandike jina halisi la dawa, si la biashara tu, kwa wino mwekundu juu ya jalada la daftari. Daftari huloa, na panya hula karatasi, kwa hiyo nakilini jina hilo herufi kwa herufi kwenye kadi ya kutembea nayo, pamoja na mwaka na yaliyotokea. Watu wa nyumbani walijue, kwa kuwa aliyezimia hajielezi.

Dukani onyesheni kadi kwanza, kisha someni maandishi madogo ya paketi. Muuzaji akisema, "Jaribu nusu kidonge tuone," mrudishieni dawa yake. Na vidonge vilivyofungwa katika kikaratasi kisicho na jina msivipokee kabisa.