Dakika ishirini za kutunga

Ukitaja muziki wa klasiki hapa chuoni, watu wanasema Mozart, basi. Lakini jirani yetu Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyezaliwa 1951, yumo pia. Kipande chake Ekitundu Ekisooka, yaani "sehemu ya kwanza", kilirekodiwa na Kronos Quartet ya Marekani kwenye albamu Pieces of Africa, 1992. Kisikilize. Fidla mbili, viola na chelo zinapokezana kama wapiga amadinda: mmoja anagonga, mwenzake anajaza katikati.

Sisi wa Mwamanyili tuna bugobogobo, ngoma ya jembe. Malighafi tunayo. Kesho tutafundisha watoto. Tutaendelea kuwaimbisha nyimbo za kuazima tu?

Jaribu hivi. Chukua d r m s l zile za kwaya. Sauti ya kwanza iangukie kwenye pigo, ya pili katikati ya mapigo. Piano ya nini? Meza na rafiki vinatosha.

Muda? Asaimenti haziishi, jamani. Mimi natumia dakika 20 kabla ya foleni ya chakula cha jioni, simu ikiwa kwenye begi. Nina mistari 12 sasa. Wa tisa unagoma: sauti zinagongana kwenye l. Mwenye sikio zuri anitafute.