Somo: Jaribu Kidogo Kwanza

Mzee mmoja wa darasa letu la Bendera alikuwa na debe moja la mbegu za mpunga. Mjukuu wake alimwonyesha picha kwenye simu. Katika picha hiyo mtu alikuwa akitia mbegu ndani ya maji ya chumvi. Maneno yake yalisema kwamba mbegu za namna hiyo huota vizuri. Picha ilikuwa fupi. Haikueleza chumvi iwe kiasi gani. Haikueleza mbegu zikae majini muda gani.

Mzee alichukua debe lote. Alitia chumvi nyingi, akatia mbegu, akaziacha zilale humo mpaka asubuhi. Hakuziosha. Akazisia kitaluni.

Siku kumi zilipita. Kitalu kilikuwa kitupu, ila miche michache pembeni. Zamu yake ya maji ya mfereji ilifika, naye hakuwa na kitu cha kupandikiza. Ilimbidi akope mbegu nyingine.

Jioni moja alisema darasani, "Mwalimu, simu imenidanganya."

Mama mmoja aliyekaa nyuma yake akajibu, "Babu, labda simu haikudanganya. Labda haikusema yote."

Mama huyo alisema kweli. Mimi mwalimu nilikaa kimya, kwa sababu picha hiyo niliiona wiki moja kabla ya Mzee. Niliwatumia watu wengine bila kuijaribu.

Zamani mashauri mengi yalipita redioni. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio pamoja, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Leo shauri huja kwenye simu ya mtu mmoja, saa yoyote, na hakuna kikundi cha kulijadili. Basi darasa letu likaamua kuwa kikundi hicho.

Kuchagua mbegu kwa maji ya chumvi

Njia hii ni ya kweli, tena si ngeni. Huko Japani ilienezwa tangu miaka ya 1880 na mtaalamu wa kilimo aliyeitwa Yokoi Tokiyoshi. Japani ndiyo nchi iliyosaidia kujenga skimu ya umwagiliaji ya jirani zetu wa Ndungu, mwishoni mwa miaka ya 1980.

Chumvi haioteshi mbegu. Kazi yake ni kuyafanya maji yawe mazito. Mbegu iliyojaa huzama katika maji hayo. Mbegu yenye kasoro na mapepe huelea. Katika maji ya kawaida mbegu nyingi hafifu huzama pamoja na nzuri, kwa hiyo huwezi kuzitenga vizuri.

Utajuaje kwamba chumvi imetosha? Tumia yai bichi. Kwanza litie katika maji matupu. Likizama na kulala chini, ni yai jipya, linafaa. Likielea, ni la zamani, litakudanganya. Kisha tia chumvi kidogo kidogo, huku ukikoroga, mpaka yai lipande na kutokeza juu kidogo. Sasa toa yai, tia mbegu, koroga, na uchote zote zinazoelea. Zilizozama zitoe mara moja. Zioshe kwa maji safi mara mbili au tatu. Baada ya hapo ziloweke katika maji matupu kama kawaida yako.

Mbegu zinazoelea usiwape kuku kabla ya kuziosha. Chumvi nyingi huua kuku. Na maji yale usiyamwage shambani.

Jaribio letu

Tulitaka kujua Mzee alikosea wapi. Tulichukua mbegu za gunia moja. Tulihesabu mafungu matatu, kila fungu mbegu 100. Fungu la kwanza hatukulitia chumvi. Fungu la pili tulichagua mbegu zake kwa maji ya chumvi, tukaziosha papo hapo. Fungu la tatu tulililaza katika maji ya chumvi usiku kucha, bila kuliosha, kama alivyofanya Mzee. Kila fungu tulilifunga katika kitambaa chenye unyevu. Vitambaa vyote vitatu tuliviweka mahali pamoja, tukavinyunyizia maji saa moja.

Angalia jambo hili kwa makini. Mafungu yalikuwa sawa kwa kila kitu, isipokuwa chumvi. Kama fungu moja lingewekwa juani na jingine kivulini, tusingejua kama ni chumvi au ni jua.

Mzee mwenyewe aliandika katika daftari tarehe, fungu na idadi ya mbegu. Siku ya saba tulifungua vitambaa. Fungu la kwanza lilikuwa limeota, lakini lilikuwa na mapengo mengi. Fungu la pili liliota karibu lote. Katika fungu la tatu mbegu zilizoota zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Mzee alizihesabu mara mbili.

"Mbegu mia moja tu," akasema. "Ningalipoteza konzi moja, si debe."

Jicho halioni yote

Baada ya hapo kila mtu alileta shauri lake. Mama mmoja alileta mbegu za mlonge. Alikuwa amesikia kwamba hizo husafisha maji ya tope, mtu akaweza kuyanywa.

Huko Sudani akina mama wa vijijini wametumia mlonge kwa namna hiyo kwa muda mrefu. Tulijaza ndoo mbili maji ya mfereji, yenye rangi ya chai ya maziwa. Tulimenya mbegu kavu za mlonge, tukazitwanga. Tulitumia mbegu mbili kwa kila lita. Unga huo tuliukoroga katika ndoo moja, haraka kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika kumi. Ndoo ya pili tulikoroga vilevile, bila mlonge. Baada ya saa mbili ndoo ya mlonge ilikuwa imeangaza. Tope lilikuwa limelala chini. Ndoo ya pili ilikuwa bado na tope.

Mama huyo alichukua kikombe. Tulimzuia.

Macho yetu yalipima tope. Hayakupima vijidudu vya kipindupindu wala vya kuhara. Mlonge hupunguza vijidudu, lakini hauvimalizi. Maji hayo lazima yachemshwe. Nyumbani unaweza kujaribu kitu unachoweza kukihesabu, kukipima au kukiona. Lakini sumu na vijidudu havijaribiwi kwa kuonja.

Kuna mashauri mengine ambayo darasa letu lilikataa kuyajaribu hata kidogo. Moja ni kuchanganya jiki na siki, au jiki na dawa nyingine ya kusafishia choo, ili uchafu utoke upesi. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Jingine ni kupaka dawa ya meno mahali palipoungua. Aliyeungua mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke zahanati.

Maswali

1. Picha ya simu haikumweleza Mzee mambo gani mawili?
2. Kwa nini yai lijaribiwe kwanza katika maji matupu?
3. Kwa nini vitambaa vyote vitatu viliwekwa mahali pamoja?
4. Maji ya mlonge yameangaza. Utafanya nini kabla ya kuyanywa?

Kazi ya nyumbani

Chukua mbegu 100 za mahindi au maharage unazotaka kupanda msimu huu. Zifunge katika kitambaa chenye unyevu. Andika tarehe. Baada ya siku saba hesabu zilizoota, uandike idadi. Njoo na daftari lako darasani.