Kwa Nini Tunasema Mungu Amenena: Mafunzo Niliyopata kwa Kufundisha Vijana wa Kipaimara

Nimefundisha vijana wa kipaimara kwa miaka mingi katika usharika wa Kilutheri hapa Tanga, na kila kundi huja na swali lilelile: "Mwalimu, tutajuaje kwamba Biblia imetoka kwa Mungu?" Anayeuliza kwa kawaida si mkaidi. Amepanga nyumba moja na Waislamu, anasoma nao, anacheza nao mpira, na amewasikia wenzake wakieleza kwa uhakika jinsi Kurani ilivyoteremshwa. Anataka naye awe na la kusema kuhusu Kitabu chake. Swali hilo limenifunza mengi, na nayaweka hapa kwa faida ya wazazi, walimu wa Shule ya Jumapili na yeyote anayeulizwa na mwanawe usiku taa zikikaribia kuzimwa.

1. Tunaanza na Kristo, ndipo tunafika kwenye Kitabu

Jibu linalokuja upesi ni kufungua Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 3, Paulo anapofundisha kwamba Maandiko chanzo chake ni Mungu mwenyewe. Au Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 1, unaoeleza kwamba manabii walisema wakiwa wameongozwa na Roho Mtakatifu. Aya hizo ni za msingi na kila Mkristo azijue. Ila kijana makini atakwambia kwamba kitabu chochote kinaweza kujishuhudia, na hapo ana haki.

Imani yetu ilianza na mtu aliyesulubiwa, na watu waliosema wamemwona yu hai. Paulo aliwaandikia Wakorintho waraka wa kwanza katika miaka ya 50, yaani miaka ishirini na kitu tu baada ya msalaba. Katika sura ya 15 anawataja mashahidi: Petro, wale Thenashara, Yakobo, na ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa wangali hai alipoandika. Aliyetaka kuhakikisha aliweza kwenda kuwauliza.

Mtu akishamwamini Kristo aliyefufuka, swali linalofuata ni jinsi Yeye mwenyewe alivyoyachukulia Maandiko. Jangwani alimjibu Shetani mara tatu, na mara zote tatu majibu aliyatoa katika Kumbukumbu la Torati. Katika sinagogi la Nazareti alisoma gombo la Isaya, akatangaza kwamba andiko lile limetimia siku ileile. Njiani kwenda Emau aliwafafanulia wanafunzi wawili habari zake kuanzia Musa na manabii wote. Kisha akawatuma mitume, ambao alikuwa amewaahidi Roho atakayewakumbusha aliyowafundisha. Agano la Kale tumelipokea mkononi mwake, na Agano Jipya tumelipokea kwa wale aliowatuma na wenzao. Ninapofundisha kwa mpangilio huu, vijana hawaoni tena kwamba wanazungushwa.

2. Mungu hakumfuta mwandishi

Nina jirani, mzee Mwislamu aliyesoma chuoni tangu utotoni, ambaye huwa tunazungumza mambo ya dini barazani kwake bila kugombana. Jioni moja aliniuliza: "Mwalimu, haya maneno ni ya Mungu au ni ya Paulo? Maana humu naona Paulo anaagiza joho." Alikuwa amesoma kweli. Mwishoni mwa waraka uleule kwa Timotheo, Paulo akiwa kifungoni anamwomba kijana wake amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi.

Swali lake lilikuwa la haki. Kwa Mwislamu, Mtume Muhammad alipokea maneno yenyewe kupitia kwa Jibrili na kuyafikisha bila kuongeza la kwake. Kwa kipimo hicho, joho la Paulo lazima lishangaze. Nilimjibu: "Mzee wangu, ni ya wote wawili." Nikamweleza kwamba Mkristo hasemi kuwa Mungu aliwasomea waandishi imla. Luka anaanza Injili yake kwa kumweleza Theofilo kwamba amechunguza mambo yote kwa makini tangu mwanzo, kama mwandishi mwingine yeyote wa historia. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa karani aitwaye Tertio, naye katika sura ya 16 anatia salamu zake mwenyewe. Katika sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, Paulo anataja watu aliowabatiza, kisha anakiri kwamba hakumbuki kama alimbatiza mwingine zaidi ya hao.

Kitabu kilichosomewa imla kutoka mbinguni kisingekuwa na sentensi kama hiyo. Imani ya uvuvio inasema kwamba Roho aliongoza watu wenye akili zao, lugha zao, kazi zao na majeraha yao, hata walichoandika kikawa ndicho Mungu alichotaka Kanisa lake lipate. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema hilo waziwazi mwaka 1965 katika hati yake kuhusu Ufunuo: Mungu ndiye mtungaji wa Maandiko, na wanadamu aliowatumia ni watungaji wa kweli pia. Sisi Walutheri hapo hatuna ugomvi na ndugu zetu Wakatoliki. Na mantiki yake ni ileile ya Krismasi: Mungu aliyekubali kuzaliwa na mwanamke na kulazwa horini hashindwi kunena kupitia kwa mfungwa anayesikia baridi.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akasema sasa ameelewa tunachokiamini, ingawa yeye hakubaliani nacho. Kwangu hayo ni mazungumzo mema. Watu wakielewana wanachotofautiana, wanaweza kukaa baraza moja kwa amani.

3. Waliolipokea Neno walilipa gharama

Sura ninayoipenda kuliko zote kwa somo hili ni ya 36 ya kitabu cha Yeremia. Ni mwaka wa 604 hivi kabla ya Kristo, majira ya baridi, mjini Yerusalemu. Yeremia amezuiwa kuingia hekaluni, kwa hiyo anatamka kwa kinywa chake na karani Baruku anaandika kwa wino katika gombo. Maofisa wanapomuuliza Baruku ameyapataje maneno yale, hilo ndilo jibu analotoa: yeye alitamka, mimi nikaandika. Gombo linafikishwa kwa mfalme Yehoyakimu, aliyeketi mbele ya moto. Mtumishi wake Yehudi anasoma. Kila akimaliza safu tatu au nne, mfalme anachukua kisu cha mwandishi, anakata kipande kilichosomwa na kukitupa motoni. Watu watatu wanamsihi aache. Hasikii. Anakata na kutupa mpaka gombo lote linateketea.

Huwa nawaomba vijana waisome sura hii kwa sauti, polepole, kisha nawauliza: nani hapa ana nguvu? Darasa huwa kimya kidogo, halafu mmoja anasoma mistari ya mwisho. Yeremia anachukua gombo jingine, Baruku anaandika tena maneno yote yaliyochomwa, na mengine mengi ya namna ileile yanaongezwa. Jina la Yehoyakimu leo tunalijua zaidi kwa sababu ya kitabu alichojaribu kukifuta.

Mwaka 303 baada ya Kristo, Kaizari Diokletiano aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe. Wako Wakristo waliosalimisha vitabu ili waokoe maisha yao, na wako waliokataa wakauawa. Kuuawa kwa ajili ya kitabu peke yake hakuthibitishi kwamba kitabu ni cha kweli. Watu hufia mambo mengi. Lakini kunatuonyesha kwamba waliotukabidhi Maandiko haya hawakuyachukulia kama hadithi za kupitishia muda, wala hawakupata utajiri kwa kuyatunza.

4. Historia ya nakala isifichwe

Nakala za kwanza kabisa zilizoandikwa na mitume na manabii hatunazo. Tunachonacho ni nakala za nakala, zilizoandikwa kwa mkono karne baada ya karne. Kijana ni bora alisikie hilo kanisani, kutoka kwa mwalimu anayempenda, kuliko kulikuta peke yake kwenye simu.

Akishalisikia, aonyeshwe na upande wa pili. Nakala kamili ya zamani zaidi ya Agano la Kale kwa Kiebrania iliyopo leo ni ya mwaka 1008 hivi. Mwaka 1947, wachungaji wa mifugo wa Kibedui walikuta mitungi yenye magombo katika pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Mojawapo ni gombo la ngozi lenye urefu wa zaidi ya mita 7, lenye kitabu cha Isaya karibu chote, lililoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo kuzaliwa. Wataalamu walililinganisha na nakala iliyokuja miaka zaidi ya elfu moja baadaye. Tofauti zipo, nyingi zikiwa za tahajia na maneno madogomadogo, lakini kitabu ni kilekile. Na sura ya 53 imo, ile ya mtumishi anayeteswa kwa ajili ya makosa ya wengine. Hakuna anayeweza kusema kwamba Wakristo waliitunga baada ya Kalvari.

Kwa uaminifu uleule nawaonyesha vijana kwamba aya 12 za mwisho za Marko na kisa cha mwanamke aliyefumaniwa katika Yohana havimo katika baadhi ya nakala kongwe zaidi, na kwamba Biblia nyingi za leo zinaeleza hivyo ukingoni. Sijaona kijana aliyepoteza imani kwa kuambiwa ukweli huu. Nimeona wengi wakituamini zaidi.

5. Kanisa lilivitambua vitabu

Wengine wamesikia kwamba maaskofu walijifungia chumbani wakachagua vitabu kwa kupiga kura. Mambo hayakwenda hivyo. Nyaraka za Paulo zilikuwa zikisomwa makanisani, zikinakiliwa na kupelekwa mji hadi mji, miaka mingi kabla ya orodha yoyote rasmi. Waumini waliuliza: je, kimetoka kwa mitume au watu wao wa karibu? Je, kinasomwa makanisani kote? Je, kinaafikiana na imani tuliyopokea? Waraka kwa Waebrania na Ufunuo vilijadiliwa kwa muda mrefu. Kitabu cha Mchungaji wa Herma kilipendwa na wengi, lakini hakikuingia. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo leo inaonekana katika barua ya Pasaka ya Athanasi, askofu wa Aleksandria huko Misri, ya mwaka 367.

Katika Agano la Kale Wakristo hawahesabu sawasawa: Biblia ya Waprotestanti ina vitabu 66, ya Wakatoliki 73, na Kanisa la Tewahedo la Ethiopia lina 81. Wote tunakubaliana juu ya zile Injili nne, na humo ndimo tunamkuta Kristo.

6. Kitabu hiki hakiwapambi watu wake

Daudi ni mfalme aliyependwa na taifa zima, na bado uzinzi wake na mauaji ya Uria yameandikwa bila kufunikwa. Petro, kiongozi wa mitume, anamkana Bwana wake mbele ya kijakazi, na Injili zote nne zinaeleza. Watu wanaotunga kitabu ili wajipatie heshima hawaandiki hivyo.

Niliwahi kumtembelea mama mmoja wa jumuiya yetu aliyelazwa, ambaye maumivu hayakumwachia usingizi. Aliniomba nisimsomee zaburi za furaha. Nilimsomea ya 88, ambayo tofauti na zaburi nyingi za maombolezo inamalizika gizani, bila neno la faraja. Alinishika mkono akasema: "Kumbe Mungu aliruhusu na haya yaandikwe." Alichokiona kitandani pale ni kwamba Mungu anasema nasi, na pia ametupa maneno ya kumlilia Yeye.

7. Ushahidi wa mwisho ni wa Roho, na matunda yake yanaonekana

Hoja zote hizi hufungua mlango, lakini haziwezi kumsukuma mtu aingie. John Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, alifundisha kwamba Roho yuleyule aliyenena kwa vinywa vya manabii lazima ashuhudie ndani ya moyo wa msomaji, la sivyo hoja zitabaki hoja.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi jijini Kampala, wakakaa pamoja kuomba na kuchunguza Maandiko juu ya Roho Mtakatifu. Katika miaka iliyofuata uamsho wa kiroho ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, hadi Bukoba kwa Walutheri wenzetu. Watu walitubu hadharani, walirudisha vitu walivyoiba, na waliokuwa maadui wakaitana ndugu. Neno lililoandikwa karne nyingi kabla yao lilifanya kazi mbele ya macho ya majirani.

Kwa hiyo kijana wako akikuuliza swali hili, usimfokee wala usimwambie aamini tu. Mpe Injili ya Luka, aanze pale mwandishi anapoeleza alivyochunguza, amalizie kwenye kaburi tupu na barabara ya Emau. Soma naye, jibu unaloweza, na lile lisilojibika liombeeni pamoja. Atamsikia nani akinena humo, hilo ni kati yake na Mungu. Kazi yako ni kuhakikisha amekisoma.