Mazoezi kwa Kipimo cha Mtu: Askari wa Zamani na Kusagika kwa Goti

Osteoathritisi ya goti, ambayo wengi huiita kusagika kwa goti, ni ugonjwa wa kiungo kizima. Gegedu inayofunika ncha za mifupa hupungua, mfupa ulio chini yake hubadilika, utando wa ndani huvimba na misuli ya paja hudhoofika. Mgonjwa huumwa anapotembea au kupanda ngazi, na goti hukakamaa kwa muda mfupi aamkapo.

Askari wa zamani huupata ugonjwa huu kwa wingi zaidi kuliko raia wa rika lao. Miaka ya kubeba mizigo mizito, pamoja na majeraha ya kano za goti yaliyopatikana kazini, huacha athari. Aidha, askari amefunzwa kuvumilia maumivu. Hivyo, wapo wanaojilazimisha mazoezi ya kambini mpaka goti livimbe, na wapo wanaoacha mazoezi kabisa wakiamini kwamba goti limekwisha. Wote wawili wanahitaji mazoezi yenye kipimo.

Utafiti wa ngazi tatu

Nchini Marekani, utafiti uitwao STEP-KOA uliwahusisha wagonjwa 345 katika vituo viwili vya afya vya askari wa zamani. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la Annals of Internal Medicine. Wagonjwa 115 walipewa elimu tu kuhusu ugonjwa, na 230 waliingizwa katika mpango wa ngazi:

1. Miezi 3 ya programu ya mazoezi kupitia intaneti.
2. Ambao hawakupata nafuu ya kutosha waliongezewa ushauri wa mara kwa mara kwa simu, kwa miezi 3.
3. Ambao bado hawakupata nafuu walikutana ana kwa ana na mtaalamu wa fiziotherapia.

Asilimia 65 walihitaji ngazi ya pili, na asilimia 35 walifika ya tatu. Baada ya miezi 9, alama za maumivu na ugumu wa kutenda kazi katika kundi la ngazi zilikuwa chini kwa 6.8 kuliko za kundi la elimu, katika kipimo cha 0 hadi 96. Nafuu hiyo ni ya wastani, lakini ina somo: laiti tiba ingekomea ngazi ya kwanza, wengi wangehesabiwa kuwa mazoezi hayawafai.

Kupanga mazoezi ya mgonjwa mmoja

Mhudumu huanza kwa kuuliza ni kazi gani mgonjwa ameshindwa kuifanya, majeraha aliyowahi kupata, usingizi wake na kiwewe cha vita, kwani mambo haya huzidisha maumivu. Kisha huhesabu ni mara ngapi mgonjwa anaweza kuinuka kitini kwa sekunde 30 bila kutumia mikono. Hesabu hiyo ndiyo mwanzo wa mpango, na hurudiwa ili kupima maendeleo.

Kuinuka kitini, kunyoosha goti akiwa ameketi, kupanda kidato kifupi na kutembea huweza kufanyika nyumbani. Maumivu yasiyozidi 5 katika kipimo cha 0 hadi 10 huvumilika, mradi yamerudi katika hali ya kawaida kufikia asubuhi ya pili. Yakizidi, au goti likivimba, mazoezi hupunguzwa bila kusitishwa. Yakiwa mepesi, huongezwa kidogo kidogo. Kwa mgonjwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua.

Wakati wa kumwona daktari haraka

Mazoezi yasubiri iwapo goti ni la moto na jekundu pamoja na homa, limekwama lisikunjuke, limevimba ghafla baada ya kuanguka, au ndama ya mguu imevimba na kuuma. Pasipo dalili hizo, mgonjwa asiyepata nafuu baada ya miezi 3 arudi kituoni, mpango wake upimwe upya na apandishwe ngazi inayofuata.