Usalama wa Baisikeli: Jinsi Majirani Walivyobadili Barabara za Mji Wao

Mtu anunuapo baisikeli huchunguza mambo mengi. Huinua gurudumu na kulizungusha, hupiga kengele, huminya tairi kwa kidole gumba, kisha huuliza bei na kuanza kuomba ipunguzwe. Ni wachache mno waulizao swali lililo kubwa kuliko hayo yote: Je, barabara nitakayopita ni salama? Mwenye duka hawezi kulijibu swali hilo, wala mpanda baisikeli hawezi kulijibu peke yake. Wa kulijibu ni mji mzima.

Katika somo hili tutaeleza jinsi wenyeji wa mji mmoja mdogo walivyolijibu swali hilo katika miaka ya 1960, kwa kujitolea na pasipo kulipwa. Kisha tutatazama mambo ambayo wasomaji wetu waweza kuyafanya mahali wanapokaa.

MJI WA DAVIS

Davis ni mji mdogo katika jimbo la California, nchini Marekani. Uko upande wa magharibi wa Sacramento, makao makuu ya jimbo hilo, mwendo wa kilomita 20 hivi. Nchi yake ni tambarare, na miezi ya kiangazi huwa mikavu, hivyo panafaa sana kwa baisikeli. Ndani ya mji kuna Chuo Kikuu ambacho hapo kwanza kilijulikana zaidi kwa mafunzo ya ukulima. Mnamo mwaka 1959 chuo hicho kilipanuliwa kiwe cha masomo ya kila namna, na wanafunzi wakaongezeka upesi. Hesabu ya watu ya mwaka 1960 ilionyesha kuwa mji ulikuwa na wakaaji 8,910. Ile ya mwaka 1970 ilionyesha 23,488.

Mkuu wa chuo wakati huo, Emil Mrak, alipenda wanafunzi watumie baisikeli, na uwanja wa chuo ukapangwa kwa kuwafikiria wapanda baisikeli. Lakini mwanafunzi alipotoka nje ya uwanja huo alikutana na barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya motokaa. Kadiri watu walivyozidi, ndivyo motokaa zilivyozidi, na baisikeli pia. Wote waligombania nafasi ile ile, na katika ugomvi wa namna hiyo twajua sote ni nani huumia.

BARUA, KIKUNDI, NA KURA

Miongoni mwa walimu wa chuo alikuwako Frank Child, mwalimu wa elimu ya uchumi. Yeye na mkewe, Eve, pamoja na watoto wao, walikuwa wamekaa kwa muda katika mji wa The Hague, nchi ya Uholanzi. Huko waliona wazee, akina mama na watoto wa shule wakienda kwa baisikeli kila siku pasipo hofu, kwa kuwa walitengewa njia zao. Waliporudi Davis walijiuliza kwa nini jambo hilo lisiwezekane kwao. Frank Child akaandika habari hiyo katika gazeti la mji. Majirani wakaunga mkono, kati yao Dale Lott na mkewe, Donna, wakafanya kikundi cha raia cha kuchunguza mambo ya baisikeli.

Watu hao hawakuwa wahandisi wa barabara wala hawakuwa na fedha za kujengea barabara. Walichokuwa nacho ni jioni zao baada ya kazi. Waliandika ombi, wakakusanya sahihi za wenyeji, wakalipeleka mbele ya Baraza la Mji. Baraza halikuona haja ya kulitimiza.

Hapa ndipo lilipo funzo la kwanza. Wengi wetu tukikataliwa mara moja hurudi nyumbani tukinung'unika. Wale majirani hawakunung'unika wala hawakufanya fujo. Uchaguzi wa madiwani ulipofika mwaka 1966, walilifanya jambo la baisikeli kuwa swali ambalo kila mgombea alipaswa kulijibu. Wagombea waliounga mkono njia za baisikeli wakashinda, na Baraza jipya likakubali.

Hata hivyo kulikuwa na kizuizi kingine. Sheria ya jimbo haikuruhusu mji kutenga sehemu ya barabara iwe ya baisikeli peke yake. Basi ikabidi sheria yenyewe irekebishwe, na Gavana wa California, Ronald Reagan, akaitia sahihi mwaka 1967. Mwaka huo huo mistari ya kwanza ikapigwa barabarani. Davis huhesabiwa kuwa mji wa kwanza wa Marekani kutenga njia za namna hiyo katika barabara zake.

KUJARIBU NA KUSAHIHISHA

Funzo la pili ni la thamani zaidi, nalo ni kwamba nia njema haitoshi pasipo uchunguzi. Katika miaka ile ya kwanza mji ulijaribu njia za namna mbalimbali. Katika barabara moja baisikeli zilitengwa na motokaa kwa vizuizi vya saruji. Katika nyingine, njia ya baisikeli iliwekwa kati ya ukingo wa barabara na magari yaliyoegeshwa. Mahali pengine ulipigwa mstari wa rangi tu, magari yaliyoegeshwa yakawa upande mmoja na yale yaendayo upande wa pili.

Mtu akiulizwa ni ipi iliyo salama, aghalabu atachagua ile iliyojificha nyuma ya magari yaliyoegeshwa, maana yanafanya ukuta. Lakini ukuta huo humficha mpanda baisikeli machoni pa dereva. Wote wawili wakifika kwenye njia panda, na dereva akikata kona, baisikeli hutokea ghafula mbele yake kama mtu atokaye nyuma ya pazia. Kwa hiyo mji uliacha mtindo huo, ukachagua mistari ya rangi mahali ambapo dereva na mpanda baisikeli huonana.

Mistari hiyo nayo ina hatari yake, kwa maana mlango wa gari lililoegeshwa waweza kufunguliwa bila taarifa. Kwa sababu hii uchunguzi haukukoma. Mwaka 2015 mji huo ulijenga njia panda ya mtindo wa Kiholanzi. Katika pembe zake mna visiwa vidogo vya saruji ambavyo humlazimisha dereva kukata kona polepole, na humweka mpanda baisikeli mbele ya macho yake kabla hawajakutana. Hivyo wazo la kutenganisha, ambalo liliachwa zamani kwa sababu ya kasoro zake, lilirudi likiwa limesahihishwa.

KAZI ISIYOKWISHA

Mwaka 2005 Davis ulipewa na chama cha wapanda baisikeli wa Marekani daraja iliyokuwa ya juu kabisa kwa miji. Msomaji asidhani kuwa basi kazi ilikuwa imekwisha. Mwaka 1980 zaidi ya robo ya wafanyakazi wa mji huo walikwenda kazini kwa baisikeli. Kufikia mwaka 2000 walikuwa wamepungua hata chini ya sehemu moja katika sita. Wengi walikuwa wakifanya kazi mbali, katika Sacramento na kwingineko, na wengine walipanda mabasi. Njia zilikuwapo, lakini njia peke yake haimfundishi mtoto kupanda. Kila mwaka kuna watoto wapya, wanafunzi wapya na madereva wapya, na wote hao wanahitaji mtu wa kuwaonyesha. Ndiyo maana kazi ya watu wa kujitolea haina mwisho.

MAMBO YANAYOTUHUSU SISI

Baisikeli si jambo geni kwetu. Katika miji ya magharibi ya Kenya, kama Kisumu na Busia, imebeba watu na mizigo kwa miaka mingi. Hata neno bodaboda lilianza huko mpakani, kwa baisikeli zilizovusha watu kutoka upande mmoja hadi wa pili, kabla ya pikipiki kulichukua jina hilo. Katika Davis magari hupita upande wa kulia na kwetu hupita kushoto, lakini hatari ni zile zile.

Hebu tufikirie jambo moja. Motokaa iendayo kilomita 48 kwa saa huhitaji mita 23 hivi kabla ya kusimama, hata kama breki zake ni nzuri na barabara ni kavu. Ikienda kilomita 96 kwa saa huhitaji mita 73. Mwendo umezidi mara mbili, lakini umbali umezidi mara tatu na zaidi. Sasa mfikirie mtu arudiye kutoka sokoni usiku, amevaa nguo nyeusi, baisikeli haina taa. Dereva humwona akiwa mita chache tu mbele yake. Hapo hata dereva mwema hawezi kumwokoa, kwa kuwa gari halina nafasi ya kusimama.

Kwa hiyo kila mpanda baisikeli yampasa kushika mambo haya:

1. Kabla ya kuondoka, jaribu breki zote mbili, tazama tairi na mnyororo, na hakikisha usukani umekazwa.

2. Usiku washa taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na vaa nguo nyeupe au ya rangi ing'aayo.

3. Pita upande wa kushoto, usiende kinyume cha magari. Wala usijibanze sana ukingoni kwenye mashimo na changarawe.

4. Upitapo gari lililoegeshwa, acha nafasi ya upana wa mlango wake.

5. Kabla ya kukata kona, tazama nyuma, kisha nyosha mkono kwa wakati. Usigeuke ghafula.

6. Usishike lori liendalo ili likuvute. Wengi walioyafanya hayo hawakupata nafasi ya kujuta.

7. Vaa kofia ngumu ya kukinga kichwa. Mfupa wa mkono uliovunjika huunga. Ubongo ulioumia mara nyingi haurudi kama ulivyokuwa.

KAZI YA KIKUNDI CHA MTAA

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Lakini kumbukeni tulivyosema mwanzoni, kwamba usalama wa barabara si kazi ya mtu mmoja. Watu watano au sita wa mtaa, wakiwa na nia, waweza kuanza hivi.

Kwanza, wahesabu. Wakae asubuhi moja kwenye njia panda inayoogopwa, waandike ni baisikeli ngapi zilizopita, wangapi ni watoto wa shule, na ni wapi palipo na shimo au giza. Kiongozi akiambiwa, "Barabara ni mbaya," husahau. Akipewa karatasi yenye hesabu, ana jambo la kujibu.

Pili, wafundishe. Uwanja wa shule na chokaa kidogo vyatosha. Chora mstari, mtoto apande juu yake pasipo kuyumba. Kisha atazame nyuma juu ya bega lake la kulia huku akiendelea kwenda sawasawa; hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo liokoalo maisha wakati wa kukata kona. Halafu anyoshe mkono, na mwisho asimame mahali palipowekwa jiwe. Mtoto asipelekwe barabarani mpaka ameyaweza hayo yote.

Tatu, wamwombe fundi wa baisikeli wa mtaa atoe asubuhi moja kila mwezi kukagua breki na taa. Anayefungiwa waya wa breki leo atakuwa mteja wake kesho.

Nne, wazungumze na madereva wa matatu na malori. Dereva si adui. Naye ana mtoto aendaye shule, na hapendi kubeba mzigo wa damu ya mtu moyoni mwake.

Tano, waandike kwa Serikali ya Kaunti kwa adabu na kwa ukweli, wakitia sahihi zao. Wakikataliwa, waandike tena. Kisha wakati wa uchaguzi wamwulize kila mgombea swali lile lile, hadharani, mbele ya watu.

Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa mji wa Davis ulikuwa na watu zaidi ya 66,000. Wengi wa watoto wapitao katika njia zake hawayajui majina ya wale majirani walioandika ombi likakataliwa. Wanafika shuleni salama, nayo ndiyo shukrani iliyo kubwa kuliko kujulikana. Haba na haba hujaza kibaba: jioni moja ya kuhesabu, asubuhi moja ya kufundisha, barua moja na nyingine baada yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini njia iliyofichwa nyuma ya magari yaliyoegeshwa ilileta hatari kwenye njia panda?

2. Wenyeji wa Davis walifanya nini baada ya ombi lao kukataliwa? Wewe ungefanya nini?

3. Gari liendalo kwa kasi mara mbili huhitaji umbali kiasi gani zaidi ili lisimame? Jambo hilo latufundisha nini kuhusu taa za baisikeli?

4. Ni njia panda gani katika mtaa wenu inayoogopwa kuliko zote? Ni nani atakayekwenda kuhesabu hapo, na siku gani?